Koo la Kibuyu

Imekuwa desturi siku hizi, kila ngoma inapochezwa mbele ya wageni na kila harusi inapotanguliwa na maonyesho ya mila, kuwekwa meza ndefu iliyopangwa vyombo vya kale: vibuyu, vigoda, vyungu, mapodo, ngozi na majembe ya chuma, na kila asimamaye mbele ya meza ile husifu kwa sauti kuu, hupiga picha, kisha huuliza bei. Silaumu kusifu, maana watu wasiosifu vitu vya wazee wao huvipoteza. Ninalolilaumu, na ndilo lililonifanya nishike kalamu, ni kwamba katika meza moja ya namna hiyo niliyoiona mjini Bunda, sifa zote zilimiminiwa kibuyu kimoja chenye masizi ya kung'aa, ufa ulioshonwa na shanga za rangi tano, ambacho kama kingetiwa maziwa jioni, asubuhi yake hata ndama asingeyanywa. Na kando yake kilikaa kitoma kidogo cha rangi ya asali, hakina pambo lolote, kazi ya mkono uliojua unachokifanya, wala hapakuwa na mtu aliyekigusa.

Chombo kipya si chombo kibaya. Vyombo vingi vya asili vya nchi ya Ikizu, Zanaki, Nata na Ikoma vimekwisha kwa mchwa, kwa moto wa nyumba za nyasi na kwa kuja kwa madumu ya plastiki. Vingine vilikwisha kuchukuliwa na wageni zamani sana, katika siku zile ambapo afisa wa Kijerumani, Paul Kollmann, alikuwa akieleza na kuonyesha kwa picha vyombo vya watu wa kando ya Nyanza katika kitabu chake kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1899. Basi kikundi cha ngoma kinachotaka kuonyesha nyumba ya bibi ilivyokuwa, au mwigizaji anayetaka kusimama mbele ya watu na podo begani, au mkusanyaji anayetaka kukamilisha hazina yake, hana budi kuagiza kitu kilichoundwa upya. Na fundi anayekiunda upya kwa njia ya zamani na kwa subira ya zamani hakughushi, amerithi. Aghushiye ni yule anayeunda uzee badala ya kuunda chombo, anayetangulia kupaka masizi kabla hajamaliza kukwangua, na ambaye mnunuzi akimwuliza habari za kazi yake humjibu kwa habari za babu yake.

Kanuni yangu ya kwanza, wala sina nyingine iliyo kubwa kuliko hiyo, ni kwamba chombo kilichoundwa upya kipimwe kana kwamba kesho alfajiri kitatumika. Kigoda kikaliwe na mtu mzima mzito. Chungu kiwekwe mafigani. Kibuyu kitiwe maziwa. Chombo kisichoweza kazi yake si nakala ya chombo cha wazee, kwa maana wazee hawakuwa nacho cha namna hiyo. Ni sanamu tu, na sanamu ina soko lake kwingine.

Nitasema kwa ufupi juu ya vyombo vingine ili nipate nafasi ya kusema juu ya kibuyu. Kigoda kipindue kabla hujakitazama usoni. Kigoda cha haki huchongwa katika gogo moja, kiti na miguu pamoja, na chini yake, mahali ambapo jicho la mgeni halifiki, alama za tezo huonekana zikifuatana kwa utaratibu mmoja, kwa sababu fundi hakuona haja ya kulainisha mahali pasipokaliwa na mtu. Ukikuta chini kumesuguliwa msasa mpaka kunateleza, ujue kuna kiungo kimefichwa kwa gundi na unga wa mbao. Miguu iwe mitatu. Kigoda cha miguu minne hakifai kuitwa cha mzee, hata kama muuzaji ataapa. Mitatu hutulia juu ya sakafu ya udongo isiyo sawa, na minne huyumba. Bao la orusoro nalo lipimwe kwa kiganja: mashimo yachimbwe kwa kina ambacho vidole vinne huchota kete zote kwa mkupuo mmoja, maana mchezaji hodari hana wakati wa kuokoteza. Kwetu husimuliwa kwamba Mtemi Makongoro wa Ikizu alicheza mchezo huo na Julius Nyerere alipokuwa kijana mdogo wa Butiama, akaiona akili yake, na akamshauri Mtemi Burito ampeleke mwanawe shuleni; kwa hiyo bao baya hapa kwetu ni utovu wa staha kwa historia.

Chungu kisuguliwe kwa kitambaa chenye maji. Weusi ukitoka, ni rangi ya viatu. Chungu kilichochomwa wazi, kwa nyasi na samadi, kina madoa ya moto yasiyolingana, upande mmoja mwekundu na upande mwingine umepigwa na moshi, na fundi wa kweli hayafichi. Jembe la chuma lishikwe kwa vidole viwili na vidole vile vipite kutoka katikati hadi ukingoni: Waturi, wahunzi wetu wa zamani, walifua chuma kikawa kinene katikati na chembamba pembeni, lakini bamba la gari lililokatwa kwa grenda lina unene uleule mahali pote. Ngozi itazamwe penye ukingo uliokatwa. Iliyotoka kiwandani ina mstari wa kibuluu ndani yake, dalili ya dawa za kiwanda, na hakuna mafuta wala vumbi la ugoro litakaloufuta. Hayo yatosha.

Sasa kibuyu.

Mtu asiye na maarifa hutazama kibuyu kwa nje, naye hutazama mambo matatu: weusi wake, mshono wake na mapambo yake, na kwa sababu hiyo walaghai wote wa soko hutia bidii yao yote katika mambo hayo matatu. Lakini nje ya kibuyu hutengenezwa na yeyote. Ndani yake hutengenezwa na fundi peke yake, na njia ya kuingia ndani ni koo. Naomba msomaji anistahimilie hapa, kwani katika kuzunguka kwangu miongoni mwa wanunuzi ni wachache mno niliowaona wakitia kidole katika koo la kibuyu kabla ya kutia mkono mfukoni.

Fikiri kwanza jinsi kitu hiki kinavyopatikana. Mmumunya hupandwa na mvua, nao hutambaa juu ya ua au juu ya paa, na tunda lake halichumwi mpaka kikonyo kimekauka chenyewe katika kiangazi cha Juni na Julai. Anayeharakisha akachuma likiwa bichi hupata ganda jepesi ambalo hunywea likikauka, likafanya mikunjo midogo kuzunguka kitako. Mikunjo hiyo watu wa mjini huiita uzee. Likisha kukauka, hutobolewa mdomo, hutiwa maji, na huachwa siku kadhaa mpaka nyama ya ndani ioze. Kisha hutiwa changarawe na kutikiswa, humwagwa, hutiwa tena na kutikiswa tena, kwa ukaidi ambao vijana wetu hawana, mpaka maji yatoke meupe na mtu akiyaonja asipate uchungu hata kidogo. Uchungu wa mmumunya ni mkali. Ukibaki kidogo tu ndani ya ganda, maziwa yote yameharibika. Baada ya hapo huja moshi: kijinga cha mti mgumu, na mimi sikubali mti mwingine mahali pa mzeituni mwitu panapopatikana mzeituni mwitu, huingizwa kikiwa chekundu ndani ya tumbo la kibuyu, huzungushwa na kutikiswa mpaka makaa yavunjike vipande vidogo, huku mdomo umezibwa ili moshi usitoroke, halafu majivu humwagwa, ndani hupanguswa kwa usinga mgumu, na kazi hiyo hurudiwa kila kibuyu kinapooshwa, maisha yake yote.

Aliyeyaelewa hayo ameelewa koo. Kwa kuwa moto uliingia tumboni, weusi hutokea ndani kuja nje: chini kabisa ni weusi uliokolea, hupungua kadiri unavyopanda shingoni, na ukifika mdomoni umekwisha kuwa rangi ya kahawia, na ukingo wenyewe wa mdomo, mahali midomo ya watu ilipogusa au mahali fundi aliposugua kwa jiwe la mchanga, ni rangi ya ganda tupu. Kibuyu cha laghai ni kinyume chake. Yeye amekipindua juu ya moto wa matairi au ametia rangi kwa brashi fupi, kwa hiyo mdomo ni mweusi tititi, shingo ni nyeusi kiasi, na ukimulika tumboni kwa tochi utakuta weupe: utando wa ile nyama iliyokauka bila kukwanguliwa, umeshikamana na ganda, na mbegu mbili tatu zimebaki ndani yake. Kwa hiyo mtu aje na tochi. Akikosa tochi, aje na kidole. Kidole cha shahada kikitiwa katika koo la kibuyu chema hukuta mahali pagumu, pakavu, panapoteleza kidogo kwa mafuta ya samli yaliyoingia katika ganda, na kikitolewa huwa na unga mweusi mwembamba sana usionata. Kikitiwa katika kibuyu cha hadaa hukuta nyuzinyuzi laini, na kikitolewa hunata.

Kisha pua. Hapa ndipo ninapowaomba wakusanyaji wasione haya mbele ya muuzaji, wapeleke pua mdomoni mwa kibuyu na kuvuta pumzi kwa utulivu. Kibuyu chema kina harufu mbili zilizofungamana, moshi wa mti na maziwa, wala moja haiishindi nyingine. Kibuyu kipya ambacho hakijapata maziwa kina moshi peke yake, ulio safi, na hicho nacho ni chema, hakina sababu ya kusingiziwa umri. Harufu ya mpira ni tairi. Harufu ya ukungu ni utando uliobaki. Harufu ya maziwa yaliyochacha bila moshi ni hila moja ambayo nilipata kuijua kwa kijana mmoja wa Musoma, aliyekuwa akinunua maziwa ya pakiti, akiyaacha yachache ndani ya vibuyu kwa juma zima, na kuyamwaga, ili mnunuzi akinusa aseme, hiki kimetumika. Kijana huyo alikuwa na akili nyingi, na laiti angalitia nusu ya akili hiyo katika kukwangua ndani angalikuwa fundi mkubwa.

Huyohuyo ndiye aliyeeneza mishono. Wageni walikuwa wamesikia, na ni kweli, kwamba bibi zetu hawakutupa kibuyu chenye ufa bali walikishona. Basi yeye akawa anachukua vibuyu vizima, anavipasua kwa msumeno mwembamba, anavishona kwa nyuzi za nyavu za samaki zilizopakwa rangi ya viatu, na kuviuza kwa bei maradufu ya vile visivyopasuka. Ninastaajabu mpaka leo jinsi watu wenye elimu walivyosimama mbele ya mishono ile na kuona ndani yake huzuni na mapenzi ya nyumba iliyokwisha. Ufa wa kweli haunyooki; hupinda kwa kufuata udhaifu wa ganda, na mwanzo wake huwa mdomoni au mahali kibuyu kilipoangukia. Mshonaji wa kweli hutoboa kwanza tundu dogo penye ncha ya ufa, ili usiendelee, na huo ni ustadi usiojulikana kwa mwenye msumeno. Matundu yake mengine huyatoboa kwa chuma cha moto, kwa hiyo kingo zake zimeungua. Na uzi wake ni kano la ng'ombe au ukindu, ambao ukilowa huvimba na kuziba tundu lake. Uzi wa nyavu hauvimbi. Kibuyu kile kikitiwa maji hutiririka katika kila tundu.

Fauka ya hayo nasema, hata penye mshono wa kweli, kibuyu kizima ni bora kuliko kilichoshonwa. Mshono ni heshima ya mwenye kibuyu kwa chombo chake, si pambo la kukiuzia. Na shanga zisizidi mstari mmoja, shingoni, nazo ziwe za rangi mbili. Kibuyu kilichovishwa shanga mpaka tumboni hakishikiki kwa mikono miwili wakati wa kusuka maziwa, kwa hiyo aliyekivisha hakusuka maziwa kamwe. Kizibo kiwe cha mti au cha kitoma kilichokatwa vizuri kikaingia barabara. Kizibo cha plastiki ni haramu.

Nilimjua bibi mmoja wa upande wetu wa Nyamuswa, ambaye sasa yuko mbele ya haki, aliyeviunda vibuyu hivi kwa miaka mingi baada ya nyumba zote za jirani kuhamia ndoo. Siku moja alimjia kijana nadhifu wa kikundi cha ngoma, ameambiwa kwamba kazi yake haina mfano.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wataka cha kutazama au cha kunywea?"

"Cha kutazama tu, bibi. Ni cha jukwaani."

"Vya kutazama viko mnadani. Hapa vipo vya kunywea, na vya mwaka huu havijaiva. Njoo kiangazi."

Kijana alikasirika, akaenda mnadani, akapata alichokitaka kwa siku moja. Bibi yule hakujali. Yeye alikuwa na tabia ambayo sijaiona kwa fundi mwingine: kila alipokimaliza kibuyu alikitia maji ya kisima jioni, akakiacha kimesimama usiku kucha, na asubuhi mnunuzi alipofika, aliyamimina maji yale katika kata, akayanywa yeye mwenyewe kwanza, kisha akampa mnunuzi. Hakutamka neno la kusifu kazi yake. Mnunuzi aliyeyanywa hakuwa na haja ya kuambiwa kitu, maana maji yalikuwa matamu na yenye moshi kwa mbali, na aliyekataa kuyanywa hakuuziwa.

Nimepata kumwona akikikataa kibuyu ambacho macho yangu yalikihesabu kuwa kamili, cha shingo ndefu iliyopinda kidogo, ganda nene lisilo na doa. Alikigonga kwa ukucha mahali mbalimbali, akatega sikio, akagonga tena karibu na kitako, akakiweka kando pamoja na vile vya kupandia mbegu. Nilipomwuliza, alichukua kidole changu akakipitisha kooni: upande mmoja ganda lilikuwa na unene wa kutosha, na upande wa pili lilikuwa jembamba kwa kadiri ya ukucha, kwa kuwa tunda lile lilikua limelala juu ya jiwe, na mwanamke akilisuka mapajani, alisema, siku moja lingepasuka likiwa limejaa. Kuanzia hapo nimeamini kwamba mizani ya kibuyu iko kooni, na yaliyobaki ni maneno.

Zamani, kabla ya ndoo kuingia, hapakuwa na boma lisilo na mmumunya juu ya ua. Alfajiri, kabla ng'ombe hawajatoka, mtu aliyepita njiani alisikia maziwa yakisukwa nyumba hadi nyumba, polepole kwanza, kisha kwa haraka siagi ilipokaribia kushikana, na mtoto aliweza kumtambua mama yake kwa mwendo wa kibuyu chake. Ufundi wa namna ile haukufundishwa kwa maneno. Binti aliketi karibu, akapewa cha kukwangua, akakwangua. Leo binti huyo yuko chuoni, jambo ambalo ni jema na sitaki lirudi nyuma, lakini hakuna aliyeketi mahali pake, na walaghai wameketi.

Kwa hiyo mwenye kutaka kununua aanze kwa kutazama vya kweli kabla ya kuchezea fedha yake. Aende Bujora, karibu na Mwanza, katika Makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padre David Clement, ambako hata banda la watemi limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi. Aende Makumbusho ya Kijiji pale Dar es Salaam, yenye nyumba za makabila zilizojengwa tangu miaka ya 1960. Akipita kwetu, aingie Makumbusho ya Mwalimu Nyerere huko Butiama, yaliyofunguliwa mwaka 1999. Huko asisome vibandiko kwanza. Aombe kwa adabu aonyeshwe midomo ya vyombo, vitako vyake na migongo yake, na ajaze macho yake mpaka yawe na kipimo.

Akifika kwa muuzaji, aulize kitu kimoja: kibuyu hiki kilichumwa kiangazi gani? Fundi atajibu mara moja, hata kama jibu lake ni kiangazi kilichopita, na jibu hilo lisimpunguzie bei. Laghai ataanza habari za babu. Kisha aombe maji. Muuzaji akikubali kukiacha na maji usiku kucha, mnunuzi arudi asubuhi, ayanuse, ayaonje, aangalie kama nje pamelowa kuzunguka kitako. Muuzaji akisema kwamba maji yataharibu thamani ya kale, basi hapana biashara. Na akisha kukipeleka nyumbani, asikipake vanishi wala asikifungie katika kabati la kioo. Akitundike mahali penye hewa, akitie maziwa mara kwa mara, akioshe kwa maji ya moto, na kila akikiosha akifukize kwa kijinga kabla ya kukirudisha ukutani.